Kilomita Tatu na Nusu kwa Saa

Bwawa la kuogelea lilikuwa na urefu wa mita ishirini na mbili. Nililipima kwa hatua, kisha kwa utepe kwa sababu siziamini hatua zangu. Maji yake yalikuwa safi kiasi kwamba uliweza kuhesabu vigae vya chini, na ndiyo sababu tulilichagua. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa mlinzi katika nyumba za Sandton, Johannesburg, zilizokuwa na bwawa hilo, na zamu yake ya usiku iliisha saa moja asubuhi. Nusu saa kabla ya hapo alinifungulia geti dogo, nikaingia na simu, utepe na daftari. Yeye, akiwa bado na sare, alishika ufito wa kuvulia samaki, na tukaanza kutembea kandokando ya bwawa tukimburuta samaki wa plastiki majini.

"Ngapi?" aliuliza.

"Mbili nukta moja."

"Bado iko sawa kiatu."

Kweli, alifanana na kiatu kilichoangukia majini. Tulirudi mwanzo, tukaongeza mwendo. Simu yangu ilionyesha kilomita tatu kwa saa, kisha tatu na nusu, na hapo yule samaki wa plastiki akazinduka. Mkia ukaanza kucheza, kichwa kikatikisika, na ncha ya ufito mkononi mwa shemeji ikatetemeka. Tulipofika tano alilala ubavu na kupanda juu kama mgonjwa. Tukarudi tatu na nusu. Shemeji alicheka kwa pua.

"Njo hii. Iko natembea sawa mutu anaenda matanga."

Kwao Kalemie, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, mtu anayekwenda msibani hakimbii, maana hakuna tena cha kuwahi, wala hajikokoti, maana watu wanamtazama. Nikaandika daftarini: 3.5. Pembeni nikaongeza neno matanga, kwa utani.

Yote haya yalitokana na mkazi mmoja wa nyumba zile, mwanamume mnene wa makamo aliyekuwa na boti katika Bwawa la Vaal, mwendo wa zaidi ya saa moja kusini mwa Johannesburg. Mwishoni mwa wiki alichukua wageni wanaolipa, akawapeleka kuvua. Uvuvi wao si wa kutupa ndoana na kukaa. Boti hutembea polepole sana, na nyuma yake huburutwa mishipi yenye chambo bandia, samaki wa plastiki au vijiko vya chuma vinavyomeremeta. Siku moja, akingoja geti lifunguke, alimuuliza shemeji anatoka wapi. Shemeji akataja ziwa. Basi. Kwa yule bwana, mtu aliyezaliwa kando ya ziwa kubwa kama lile hakukosa kuwa mvuvi. Mwendeshaji wake wa boti alikuwa anaondoka, akamwambia shemeji aje Jumapili tatu za majaribio. Kama katika Jumapili hizo mgeni mmoja tu angepata samaki wa maana, kazi ni yake, na pamoja na kazi kuna nyumba ya vyumba viwili kando ya maji, ya chini, yenye bomba lake.

Nilimuuliza shemeji aliporudi nyumbani kama amewahi kuvua kwa chambo bandia.

"Apana."

"Umewahi kuendesha boti ya injini?"

"Ya baba mudogo. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Alikuwa ananishikisha usukani akilala."

"Sasa ulimwambia nini?"

"Hakuniuliza kuvua. Aliniuliza kwetu ni wapi."

Dada yangu hakucheka. Alikuwa na mimba ya miezi sita, na tulikaa ghorofa ya kumi na moja katika mtaa wa Hillbrow, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla mimi sijafika. Siku nyingi maji yaliishia ghorofa ya nne, kwa hiyo ya kunywa, ya kupika na ya kuogea yalipanda kwa ngazi, kwenye ndoo na madumu. Shemeji alibeba kabla ya zamu, mimi nikabeba mchana, na bado hayakutosha, dada akabeba pia. Kliniki nesi alimwambia apunguze ngazi. Dada akamuuliza apunguze vipi, ashuke asipande, au apande asishuke. Nesi aliandika kitu kwenye karatasi. Nyumbani tuliisoma: punguza ngazi.

Hivyo sikuwa na haki ya kukebehi. Mimi nilikuja kutoka Tanga kusoma shahada ya pili ya takwimu, nikaimaliza, na tangu hapo natafuta kazi kwa bidii inayopungua. Shahada hiyo ilinipa tabia moja isiyotibika, ya kuuliza namba imetoka wapi. Dada anasema nilikuwa hivyo tangu utotoni, kwamba chuo kilinipa cheti tu cha ubishi wangu. Nilimwambia shemeji nitamsaidia. Kama lipo jambo la kujua kuhusu mwendo wa boti na chambo, basi lipo mahali limeandikwa, na mimi najua kusoma.

Samaki aliyetakiwa pale Vaal anaitwa yelofishi, wa jamii ile yenye kinywa kikubwa. Ana rangi ya dhahabu, anakula samaki wadogo na kaa, na haliwi. Ukimpata unampima, unampiga picha, unamrudisha majini akiwa hai. Nilipomweleza shemeji jambo hili alinifanya nilirudie.

"Unamukamata halafu unamuachia?"

"Ndiyo."

"Sasa ulimuita ya nini?"

Kuhusu yelofishi sikupata mengi, na yaliyokuwepo yalipingana. Kuhusu samaki mwingine, woleye wa Marekani ya Kaskazini, niliyapata bila mwisho. Watu wa kule wameandika kuhusu woleye kama watu wetu wanavyozungumza siasa. Maji yakiwa baridi, mwendo uwe wa chini. Maji yakipata joto, ongeza. Maji machafu, tumia chambo cha rangi kali chenye punje ndani zinazopiga kelele. Maji maangavu, rangi ya fedha. Mkunjo wa boti unafundisha pia: chambo cha upande wa nje wa kona huenda haraka, cha ndani hupunguza, na ukiona samaki wanapiga upande mmoja tu, umejua wanataka mwendo gani. Hilo la kona lilinifurahisha, maana ni jaribio la kweli, lina pande mbili za kulinganisha. Mengine niliyatilia shaka. Nani alihesabu? Walioandika wengi walikuwa wanauza chambo. Halafu woleye si yelofishi, ziwa la Minnesota si Vaal, na mvuvi anayeandika ni yule aliyepata. Aliyekosa huenda nyumbani, haandiki kitu.

Lakini sikuwa na kingine. Nilizibadili maili zao kuwa kilomita, nikarudia hesabu mara tatu nisije nikampeleka mtu kwa mwendo usio wake, nikachora jedwali.

Chambo tuliweza kununua vitatu. Muuzaji wa duka la vifaa vya uvuvi mjini alitusukumia wa rangi ya kahawia, kama kaa, akaapa kuwa yelofishi hali kingine. Nikamuuliza amejuaje. Akasema kila mtu anajua. Nikaangalia rafu yake, kahawia zilijaa hadi kwenye maboksi ya chini, nikafikia uamuzi wangu. Tuliondoka na samaki mmoja wa kijani na njano, rangi kali kama ya pera bichi, aliyepiga kelele ukimtikisa, na kijiko kizito cha chuma. Cha tatu alikichagua shemeji mwenyewe, kidogo, cha fedha, mgongo wa bluu.

"Huyu njo ninamujua," alisema. Alifanana na dagaa.

Wazo la kuvijaribu kwenye bwawa la kuogelea lilikuwa langu. Nataka liandikwe hivyo, kwa sababu baadaye kila mtu alilisema kwa namna ya kulificha, kana kwamba lilijianzisha lenyewe. Nilimwambia shemeji kwamba hatuwezi kujua chambo kinafanya nini ndani ya maji ya kahawia, ila tunaweza kujua ndani ya maji safi, na kazini kwake maji safi yapo bure. Alisitasita. Alisema wakazi hawapendi hata walinzi wakae kwenye viti vya pale. Nikamwambia saa hiyo wamelala.

Tulifanya hivyo asubuhi nne. Asubuhi ya nne mtu mmoja alikuwa kwenye roshani ya ghorofa ya pili na simu yake. Picha ilikwenda kwenye kundi la wakazi: mlinzi mwenye sare anavua samaki kwenye bwawa la kuogelea, pamoja na mwanamke asiyejulikana. Niliambiwa wengine walicheka, lakini mmoja aliuliza juu ya ndoana na miguu ya watoto wake, na swali lake lilikuwa la haki. Kabla ya wiki kwisha kampuni iliyomwajiri ilimwita shemeji ofisini akarudishe sare.

Alirudi Hillbrow mchana, saa ambayo kwa kawaida alikuwa amelala. Alikaa kwenye kiti akavua viatu.

"Eish," alisema. Neno hilo alilijifunza hapa, na kwa kawaida alilitumia kwa robot, yaani taa ya barabarani, iliyozimika au mechi iliyopotea. Dada alimtazama, kisha akanitazama mimi. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama yule bwana wa boti naye ameona picha.

Alikuwa ameiona. Alimpigia simu shemeji akamwambia yeye ni mtu wa ahadi, ila majirani zake wamemtania sana, kwa hiyo Jumapili tatu zimekuwa mbili. Shemeji alimshukuru. Halafu, bila kunishauri, akaomba aruhusiwe kuja na mtu wa kumsaidia mishipi, shemeji yake, aliyesoma.

Jumapili ya kwanza hakukuwa na wageni. Alikuwepo mwenye boti peke yake, na chupa yake ya kahawa. Bwawa la Vaal lilinishangaza kwa kutokuwa na uzuri niliousoma. Ni maji mapana, ya rangi ya chai ya maziwa, na chini yake kuna mashamba yaliyozamishwa zamani, kuta za mawe, nyaya za uzio, hata barabara. Yelofishi hukaa karibu na vitu hivyo. Boti ilikuwa na fito mbili pembeni, kila mmoja kwenye kishikio chake, na wa tatu katikati, ambao mshipi wake ulikwenda mbali zaidi. Kazi yangu ilikuwa kuiachia mishipi nikihesabu mita, kuiangalia isishikane, na kumsomea shemeji mwendo.

Upepo ulikuwa unatoka kusini. Tulipokwenda nao, simu ilisema tano. Tuliporudi dhidi yake, ilisema mbili. Nikamwambia shemeji aongeze, apunguze, aongeze. Injini ikawa inapiga kelele kama mtu anayegombana na nafsi yake. Mwishowe mwenye boti akanigusa bega, akaniambia kwa upole kwamba simu yangu inapima mwendo wa boti juu ya ardhi, na chambo hakiko ardhini, kiko ndani ya maji, na maji nayo yanasukumwa. Akanionyesha ncha ya ufito. Ikitetemeka, chambo kinacheza. Isipotetemeka, hakichezi. Hicho ndicho kipimo cha mwendo, alisema.

Niligeuka kumtazama shemeji. Kumbe alikuwa anaiangalia ncha tangu asubuhi. Kila nilipomwambia namba alitikisa kichwa kwa adabu, akafanya ncha inavyotaka.

"Mbona hukuniambia?" nilimuuliza.

"Ulikuwa unasoma vizuri," alisema.

Niliweka simu mfukoni. Tulizunguka kwa muda wa saa tano, tukabadili chambo, tukapiga kona kama zile za woleye, kushoto, kulia. Hatukupata kitu. Mwenye boti alisema shemeji anaendesha vizuri, boti haikuruka wala kuyumba, ila wageni hawalipi kuona boti isiyoyumba.

Wiki iliyofuata dada alipata maumivu ya kiuno akawa analala mchana. Maji tulibeba mimi na shemeji, ambaye sasa alikuwa na siku nzima ya kubeba. Hatukuzungumza juu ya Jumapili. Jioni moja nilimkuta dada ameketi na kipimia nguo, anakunja utepe na kuukunjua. Aliniuliza mlango wa ile nyumba ya kando ya maji una upana gani, kitanda chake kitapita? Nilisema sijaupima. Akasema, ajabu, wewe hukupima kitu.

Jumapili ya pili walikuja wageni wawili, mume na mke wazee waliostaafu, wenye kofia za aina moja. Walinisalimu kama anavyosalimiwa mtu wa kazi, bila jina lolote, lakini kwa tabasamu. Walikuwa na boksi lao la chambo. Mume alikataa kile cha kijani na njano nilichompendekezea. Akatoa chake cha kahawia, cha zamani, rangi imebanduka tumboni. Mke alikubali kile kama dagaa. Katikati niliweka kijiko kizito, maana jedwali langu lilisema kijiko kinaweza kwenda chini zaidi.

Hakukuwa na upepo. Maji yalitulia, na shemeji aliendesha kwa mwendo wake wa matanga, mkono mmoja kwenye usukani, uso umegeuka nusu nyuma kuangalia fito. Mwenye boti alikaa mbele, hakuingilia. Tulipita juu ya ukuta wa shamba mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu mshipi wa kati ulileta majani, nikauvuta, nikausafisha, nikaanza kuuachia tena. Nilikuwa nahesabu kwa sauti ya chini. Kumi. Kumi na tano. Ishirini.

Ufito wa mume ukainama hadi kwenye maji.

Nimeambiwa na waliozoea kwamba mara nyingi hugonga kwanza. Huyu hakugonga. Ufito ulikwenda tu, na ile mashine ya mshipi ikalia. Mzee alinyanyuka akaushika kwa mikono miwili. Shemeji alipunguza injini papo hapo, taratibu, boti ikawa inakwenda kwa nguvu iliyobaki tu. Alifanya kila kitu sawasawa. Alimwambia mke kwa Kiingereza azungushe mshipi wake atoke njiani, na mke akazungusha. Kisha akanigeukia mimi.

"Shemeki, tosha! Tosha!"

Nilikuwa na mita ishirini na tano za mshipi majini. Nilielewa kwamba zinatosha. Nikafunga mashine, nikaurudisha ufito kwenye kishikio chake, nikamwonyesha dole gumba. Sharp, kama wasemavyo hapa, yaani mambo sawa. Nikageuka kumtazama mzee anapigana.

Kwetu, ukisema tosha, unamaanisha imetosha, acha hapo. Kwao, kutosha ni kutoa. Tosha chungu kwenye moto, tosha viatu, tosha huyo mtoto juu ya meza. Nilikuwa nimelisikia nyumbani kwa dada kila siku kwa miaka miwili, nikalielewa kila mara, hata nilimtania kwalo. Alinitaka niutoe mshipi majini. Sikio langu la Tanga likachukua neno lile kwa maana yake.

"Tosha!" alirudia, kwa sauti ya mtu anayeona kitu ambacho mwingine hakioni.

"Nimeshaacha!" nilijibu.

Boti ilikuwa karibu kusimama, kwa hiyo kijiko changu kizito, kisichovutwa tena na kitu, kilikuwa kinazama moja kwa moja, na mshipi wake umening'inia nyuma yetu kama kamba ya kuanikia nguo. Samaki alikuja juu mara moja. Nilimwona. Ubavu wake ulikuwa na rangi ya shaba ya zamani, kinywa cheupe, kikubwa, kimefunguka. Mke alisema kitu, nadhani aliomba. Halafu samaki akakata kwenda upande wa pili, nyuma ya boti, akaingia kwenye mshipi wangu na kuzunguka. Ufito wangu kwenye kishikio ukatikisika. Shemeji aliacha usukani akaruka hadi pale, akauchomoa, akaanza kuzungusha, lakini alichokuwa akivuta kilikuwa mishipi yote miwili pamoja. Ilisuguana sekunde mbili, tatu. Kisha mzee akarudi nyuma hatua moja, mikono mitupu ya uzito, na ule mshipi wake ukaelea hewani mwepesi kama uzi wa buibui.

Hakuna aliyefoka. Mzee alikaa. Baada ya muda alisema chambo kile alikuwa nacho tangu binti yake yuko shule ya msingi. Kilikuwa cha kahawia, kama kaa. Sikujua niliweke wapi jambo hilo kwenye jedwali langu.

Tulizunguka tena hadi alasiri, na hakuna kilichogusa.

Gatini mwenye boti alitushika mikono. Alimwambia shemeji kwamba ana mkono mzuri wa injini. Lakini kwenye boti yake, alisema, mtu anayeongoza lazima aeleweke anaposema. Wageni walisikia anapiga kelele kwa lugha wasiyoijua, na aliyepigiwa kelele akasimama tu. Angetujulisha.

Ningeweza kumwambia palepale. Ningeweza kusema, bwana, alieleweka na kila mtu ila mimi, na bila mimi angesema kwa Kiingereza kama alivyosema kwa yule mama. Aliniomba mimi nije. Nilifungua kinywa, na sentensi niliyoipata ilikuwa ndefu, ina maana mbili za kitenzi na mipaka ya nchi mbili, na mwenye boti alikuwa tayari anafunga kamba. Nikakifunga kinywa.

Kwenye teksi ya kurudi, ambayo hapa ni basi dogo kama daladala, tulikaa kiti cha nyuma.

"Nilisikia imetosha," nilisema.

"Miye nilisema tosha."

"Tosha ndiyo imetosha."

"Tosha ni tosha." Alifikiri. "Kwenu mungesema namna gani?"

"Toa. Au vuta."

"Vuta? Kuvuta ni sigara." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia njiani. Akauliza, "Alikuwa mukubwa, si ndiyo?"

"Alikuwa mkubwa."

"Sawa hivi?" Akapima kwa mikono. Mtu wa pembeni yetu aliitazama mikono yake.

"Zaidi," nilisema, na sijui kama ni kweli.

Nyumbani dada alikuwa ameamka na anangoja. Shemeji alimwambia samaki alikata mshipi. Hakusema mshipi wa nani, wala kwa nini. Dada aliuliza, basi hakuna kazi? Akasema yule bwana atapiga simu. Alipiga kweli, Jumatano, akasema amempata mwingine, kijana wa palepale Vaal.

Nimejaribu kulifikiria jambo hili kama nilivyofundishwa. Samaki mmoja si ushahidi. Hata angeletwa ndani ya boti, mwenye boti angeweza kupata sababu nyingine, picha ile, majirani zake, kijana yule wa Vaal ambaye huenda alishamwahidi. Sijui mwendo wa tatu na nusu ulikuwa na uhusiano gani na kilichotokea, wala rangi, wala kona. Ninachokijua kwa hakika ni kidogo na kina shahidi mmoja: mtu alisema neno kwa usahihi, na mimi nikalisikia kwa usahihi wa kwetu. Nimelipindua hili pande zote, na hakuna upande unaonifanya nijisikie vizuri zaidi.

Shemeji sasa analinda maegesho ya magari ya duka moja, kwa kubahatisha, siku wanapomwita. Mtoto alizaliwa mapema, mdogo, na kwa wiki tatu dada alishuka na kupanda kwenda kumnyonyesha hospitalini, mshono wa upasuaji bado mbichi. Nilimsindikiza kila siku. Siku moja tulipokuwa tunarudi, mimi na ndoo ya maji, yeye na mfuko wa nguo za mtoto, alikaa kupumzika kwenye ngazi za ghorofa ya saba. Watu walitupita wakipanda na kushuka, wanasema samahani. Nikamwambia. Nilimwambia vile ilivyokuwa, neno lenyewe, mita ishirini na tano, dole gumba.

Alisikiliza hadi mwisho. Aliegemeza kichwa ukutani, pale rangi ilipokuwa nyeusi kwa vichwa vya wengine waliopumzika hapohapo.

"Yeye anajua kwamba hukuelewa?" aliuliza.

"Anajua. Tulizungumza kwenye teksi."

"Na hakuniambia."

"Hakukuambia."

Nilingoja anitukane. Ingekuwa kitu cha kushika.

"Kwa hiyo ungetoa ule mshipi," alisema, "tungekuwa chini."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema kwamba hatuwezi kujua, kwamba samaki mmoja si ushahidi. Nilikuwa na hoja zote tayari, zimepangwa.

"Labda," nilisema.

"Haya." Alinyoosha mkono nimwinue. "Zimebaki nne."

Nilimwinua, nikachukua ndoo, na mfuko wa nguo nikautundika begani. Alitangulia yeye, ngazi moja, kisha anasimama, ngazi moja, kisha anasimama, na mimi nyuma yake nikipunguza mwendo hadi ulingane na wake.